Bi Hajra Asisubiriwe

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika shirika letu la Uwanja Wetu, Bi Hajra Mwinyijuma, Mratibu wa Michezo ya Vijiji, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Alianza akiwa mwalimu wa netiboli wa kujitolea. Anaondoka akiwa mtu ambaye hakuna nyumba kati ya Mbegani na Saadani anayoweza kuipita bila kuitwa aingie anywe chai, na bila kuulizwa kwa nini safari iliyopita alipita moja kwa moja.

Uongozi umeniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya leo, uwe mfupi, uwe wa furaha, na usiwe na utani mwingi. Ufupi nitajitahidi. Furaha ninayo, ingawa tangu wiki iliyopita haitaki kukaa mahali pamoja. Ama utani, samahani, hilo haliwezekani, na atakayesoma mpaka mwisho ataona sababu. Mimi ni Muzammil Bwanausi, mtunza vifaa na dereva wa pikapu ya shirika. Wanaonijua wanajua kuwa Mungu aliponigawia vingine vyote, subira alinipunja. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie.

Bi Hajra ni mtoto wa mjini Bagamoyo. Marehemu baba yake alikuwa muuza vitambaa wa ukoo wa zamani wa mjini; mama yake ni Mkwere, na hilo la mama naomba mlishike, tutalirudia. Alipoajiriwa mwaka 1999, shirika lilikuwa na chumba kimoja, mipira michache, na matumaini mengi kuliko upepo uliokuwamo ndani ya mipira hiyo. Kazi aliyopewa ilikuwa kuanzisha netiboli kwa mabinti wa Mbegani. Wazazi walikataa. Hawakutaka mabinti wao wakimbie hadharani magoti nje, na walisema hivyo kwa adabu zote, wakamwandalia na kahawa.

Mwingine angeitisha mkutano. Bi Hajra alikunywa kahawa, akarudi na cherehani ya mkono, akashona suruali ndefu za kuvaliwa chini ya sketi. Akapanga mazoezi yaanze baada ya sala ya alasiri na yaishe kabla ya magharibi, na yakiisha aliwarudisha mabinti mwenyewe mpaka mlangoni kwa wazazi wao. Haukupita muda mrefu kina mama wakaanza kugombania zamu ya kutazama. Miongoni mwa mabinti wale alikuwamo Zaina Salumu, aliyekuwa mwembamba, mwenye haya, na mwenye mkono usiokosa kikapu. Zaina huyo huyo leo ni mwalimu wa walimu, na kuanzia Jumanne ndiye Mratibu wetu mpya.

Wafadhili wamekuja na kuondoka. Wa kwanza walituletea jezi nzuri na kontena la kufanya ofisi. Mradi ulipokwisha, jezi zilivaliwa shambani na kontena likageuka ghala la dagaa. Wa pili walileta magoli ya chuma na nyavu nyeupe za kupendeza. Zile za Saadani hazikukaa golini hata mwezi. Tulizikuta ufukweni zimetandazwa mchangani, juu yake umeanikwa uduvi. Mimi nilipandisha hasira, nikataka twende moja kwa moja kwenye ofisi ya kijiji. Bi Hajra alisimama akautazama ule uduvi, akaniambia kwamba kwa kweli unakauka vizuri.

Kisha akamwendea Mzee Haidar, fundi wa nyavu wa pale Saadani na mwenyekiti wa kamati ya michezo ya kijiji, akamuuliza kama inawezekana kufuma nyavu za goli kwa vipande vya nyavu chakavu za uvuvi. Mzee Haidar alijiona kama ametukanwa kwa kuulizwa. Alifuma nyavu za magoli yote mawili, akazitia chini vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu ili zisipeperuke kwa upepo. Zina harufu, sikatai, na kila golikipa mgeni hulalamikia nzi. Lakini tangu siku hiyo Saadani haijawahi kuomba nyavu kwa mtu yeyote.

Huo ndio uliokuwa mtindo wake. Neno uendelevu sisi wengine tulilisikia kwenye semina, ukumbini, penye viyoyozi na maji ya chupa. Bi Hajra alikuwa akilifanya kabla halijapewa jina. Mfadhili alipouliza nini kitabaki yeye akiondoka, Bi Hajra alimpakia kwenye pikapu, nikamwendesha mpaka kaskazini akajionee: nyavu za Mzee Haidar, walimu wa netiboli waliozaliwa vijiji vile vile wanavyofundisha, na wanawake wa Mkange wanaofyeka uwanja wao kabla ya ligi bila kuitwa na mtu. Wafadhili walipiga picha wakaridhika. Na sisi tuliridhika. Swali ambalo halikuulizwa na yeyote kati yetu ni hili: yeye mwenyewe akiondoka, je?

Hapa lazima nieleze utaratibu wetu wa siku ya bonanza, kwa wale mliokuja leo kutoka mbali. Watu wakishakusanyika, Bi Hajra huwaamkia wazee mmoja mmoja. Wazee huitikia marahaba, huuliza habari za nyumbani, za mama, za magoti yake. Halafu huombwa dua. Halafu Bi Hajra hukaa kwenye kiti chake, hurusha mpira uwanjani kwa mikono miwili, na filimbi hulia. Hakuna aliyeuandika utaratibu huu. Ulianza wenyewe kwa mapenzi, ukaendelea kwa heshima, na mwisho ukawa kama sheria. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulimtunza mpaka tukapitiliza.

Masika ya mwaka jana, siku ya bonanza la Saadani, pikapu ilizama kwenye tope hata Mkange hatujafika. Nilichimba, nikatia matawi chini ya magurudumu, nikasema maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye programu ya sherehe. Bi Hajra alikaa juu ya tenga la jezi akiwa ametulia kabisa. Alisema bonanza litakuwa limeshaanza, Zaina yuko kule tangu jana, mipira anayo, waamuzi anao, filimbi anayo shingoni. Tukifika tutawakuta kwenye fainali, alisema, na tutakula pilau ya moto bila kazi.

Tulifika jua likiwa linakaribia kuzama. Tuliwakuta wamekaa. Timu zote zimevaa jezi kavu, zisizo na hata alama ya jasho. Turubai limefungwa, kiti kimewekwa, pilau imepoa ndani ya masufuria. Watoto walikuwa wamelala juu ya mapaja ya mama zao. Mzee Haidar alikuja kutupokea uso umemnawiri, akamshika Bi Hajra mkono na kumwambia kwa fahari kubwa: "Tumekusubiri, mwanangu. Hata mpira hatukuugusa."

Nyuma yake alisimama Zaina, filimbi shingoni, akitabasamu kama mtu aliyeilinda amana ya watu. Hakuna aliyejua kwamba kuna kosa. Kwao ile ilikuwa heshima ya juu kabisa mtu anayoweza kupewa, kwamba kijiji kizima kinakaa na njaa kwa ajili yako. Bi Hajra aliwaamkia wote, hakumruka mtu. Aliwashukuru. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, watu wakaenda kusali, na bonanza likawa limekwisha bila kuchezwa.

Njiani kurudi, tulipokuwa tukivuka Mto Wami, aliegemea dirisha. Nilidhani amechoka, kumbe analia. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema: "Muzammil, miaka yote hii nilidhani najenga michezo. Kumbe nimejenga foleni."

Mimi hata benki hunishinda kupanga foleni, na jibu lililonijia lilikuwa la kipuuzi, nikalimeza.

Mwezi uliofuata alikwenda mwenyewe mbele ya Bodi akaeleza yote, ingawa hakuna aliyemtuma na angeweza kunyamaza mpaka siku ya kustaafu. Bodi ilishtuka. Kwanza wakamwomba aongeze mkataba, na sisi wafanyakazi tulipiga makofi ofisini tuliposikia. Akakataa. Alisema mtu akiongezewa miaka miwili, foleni nayo inaongezeka miaka miwili. Basi Bodi ikasema jambo zito: kama vijiji vya kaskazini haviwezi kuanza bila Bi Hajra, basi atakapostaafu, Mkange na Saadani vitatolewa kwenye ligi, kwa kuwa hakuna maana ya kupeleka mipira mahali ambapo itakaa ikimngoja mtu asiyekuja. Ligi ya Mkange ya mwezi Februari ingekuwa kipimo cha kwanza. Wakianza wenyewe, watabaki. Wakingoja, basi.

Bi Hajra akaapishwa asiwaambie wanakijiji, ili kipimo kiwe cha kweli. Tangu siku hiyo mimi usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na yeye sijui, maana hakusema, ila alianza kutembea huku na huku ofisini mpaka mhasibu akahamishia meza yake ukumbini.

Akaanza kutoa dawa, yaani kuchelewa. Mama ambaye hakuwahi kuchelewa hata kwenye arusi, mahali ambapo kuchelewa ni sehemu ya mavazi, akaanza kuchelewa kwa makusudi. Mbegani alichelewa kidogo, wakamsubiri kidogo. Akachelewa sana, wakamsubiri sana. Akapiga simu akawaamuru waanze. Wakasema sawa mama, wakaingiza uwanjani watoto wa chekechea wacheze mechi ya utangulizi, na mechi ile ya utangulizi ilichezwa mpaka watoto wakaanza kuomba kwenda nyumbani. Akapiga marufuku kiti. Safari iliyofuata tulikuta kochi. Lilikuwa kochi la watu watatu, limetandikwa vitambaa vya kufuma, limebebwa kutoka sebuleni kwa mtu mpaka uwanjani. Alipouliza nani amelileta, walisema magoti yako hayo mama, kiti cha plastiki si kizuri.

Mimi nilikuwa nacheka nikiwa karibu kulia. Mtu anaweza kupambana na uvivu, anaweza kupambana hata na wizi wa nyavu. Utapambanaje na heshima? Ukiikemea, inakuomba radhi na kukuletea mto wa kuegemea.

Februari ikafika. Asubuhi ya siku ya Mkange, Zaina alikuwa ametangulia na vifaa vyote. Bi Hajra alivaa, akafunga mkoba, akakaa kwenye baraza ya ofisi Bagamoyo, akaniambia hatuondoki. Nikazima gari. Nikaliwasha tena, nikalizima tena. Tulipoondoka jua lilikuwa limeshapinda, na bado njia nzima aliniambia pole pole, Muzammil, kawia ufike. Nimeendesha barabara ile kwa miaka mingi na sijawahi kupitwa na baiskeli iliyobeba mkaa. Siku hiyo nilipitwa, na mwenye baiskeli akatugeukia kutupa pole.

Yaliyotokea Mkange kabla hatujafika nimeyakusanya kwa Zaina mwenyewe na kwa watu wengine wengi, maana hakuna asiyependa kuyasimulia. Alasiri ilisaliwa, timu zikajipanga. Zaina alisimama katikati ya uwanja, filimbi mdomoni. Wazee wakamwambia taratibu, subiri mwanangu, mama yako yuko njiani. Zaina akaitoa filimbi mdomoni. Baada ya muda akairudisha. Wakamwambia tena, subiri. Zaina ananiambia kwamba alijua kabisa anatakiwa kuipuliza, kwa sababu yeye, kama sisi wafanyakazi, aliambiwa kuhusu kipimo, na alijua kuwa ligi nzima ya Mkange iko ndani ya ile filimbi. Lakini pumzi haikutoka. Binti aliyelelewa vizuri hapulizi filimbi wazee wakisema subiri.

Hapo ndipo alipoinuka Bi Mosi. Bi Mosi ni Mzigua, kiongozi wa wale wanawake wanaofyeka uwanja, mwenye mwili mkubwa na sauti inayofika Matipwili. Na kama nilivyosema mlishike, Bi Hajra kwa mama ni Mkwere. Wazigua wa kule na Wakwere ni watani. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa ambayo mtoto wako hana na jirani yako hana. Anaweza kukutukana ukacheka. Msibani kwako, wakati wenzake wanalia, yeye ndiye anayevaa nguo zako, anatembea kama ulivyotembea, anazuia jeneza mpaka alipwe, na hakuna anayemkasirikia. Heshima haimhusu mtani. Amesamehewa tangu enzi za mababu.

Bi Mosi alivuka uwanja, akafika kwenye kiti cha Bi Hajra, chenye mto na kitambaa cha kufuma, akakaa. Uwanja mzima ukamgeukia. Akaegemea, akauliza kwa sauti:

"Mnamngoja nani nyie? Yule Mkwere? Amekufa njiani! Habari ninazo mimi!"

Halafu akaangua kilio. Wanawake wenzake wakaelewa mara moja, wakafunga kanga viunoni, wakalia naye. Mmoja akatandaza kanga juu ya kiti kama jeneza. Bi Mosi akainuka, akabana mkoba wa mtu kwapani, akashusha miwani ya kuazima mpaka ncha ya pua, akaanza kupita mbele ya wachezaji akiwainamia kuwakaza kamba za viatu mmoja mmoja, huku akishika goti na kusema "ash!" Naambiwa alikuwa Bi Hajra mtupu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Maalim wa kijiji alisogea kusema kwamba kufa si jambo la mchezo, na ni kweli, lakini Bi Mosi alikuwa ameshamgeukia yeye:

"Maalim, wewe ndiye unayetufundisha. Maiti hucheleweshwa?"

Maalim akasema hapana, maiti haicheleweshwi.

"Basi! Aliye hai ndiye husubiriwa. Huyu wa kwetu amekufa, mnamuweka juani mpaka anuke? Zaina, piga filimbi tumzike!"

Na Zaina, akicheka na machozi yakimtoka, akapuliza.

Sisi tulifika kipindi cha pili. Kwanza tulisikia kelele kabla ya kuuona uwanja, na Bi Hajra akanishika mkono kwa nguvu hata nikashindwa kubadili gia. Nikaegesha. Akashuka. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyekuja kupokea mkoba. Mwamuzi alikuwa ametoa penalti ambayo nusu ya Mkange iliikubali na nusu iliikataa, na katika vurugu ile Bi Hajra Mwinyijuma, mratibu wa miaka yote hiyo, alisimama nyuma kabisa akinyoosha shingo kama mtu aliyechelewa kununua samaki. Alimgusa bega mama mmoja aliyekuwa mbele yake akamuuliza ni ngapi ngapi. Yule mama, bila kumtazama, akamwambia asogee amemziba.

Nilimwona anavyosogea. Niliwahi kumwona akipewa vyeti na mashada, na mara moja kinyago kizito ambacho mpaka leo hatujui pa kukiweka. Sijawahi kumwona na uso kama ule.

Bi Mosi ndiye aliyemwona wa kwanza. Alipiga ukelele: "Marehemu! Umefuata nini huku? Tumeshakuzika!" Akamfunga kanga mikono miwili, akatangaza kwamba maiti iliyotoroka kaburini haiachiwi bila faini ya jogoo. Bi Hajra alijaribu kujibu utani kama inavyopasa, akashindwa. Akakaa pale pale chini, kwenye nyasi walizofyeka wanawake wale, akicheka na kulia pamoja, mikono imefungwa, mpaka nikalazimika mimi kumfuta machozi. Kilichotoka mdomoni mwake nilikisikia vizuri. Alisema: "Nimezikwa, na mpira unachezwa."

Jogoo alitolewa. Mkange imebaki kwenye ligi.

Habari zilitangulia Saadani kabla yetu. Kule watu waliona aibu kwamba Mkange ndio waliokuwa wa kwanza kumzika Bi Hajra, lakini Mzee Haidar si mtani wake na hana ruhusa ya mchezo ule. Alikaa na jambo hilo katika Ramadhani nzima. Baada ya Idi alituita, akatuambia kwa upole kwamba amefikiri, na ameona kuwa adhana haimngoji mtu, hata angekuwa nani, na hakuna aliyewahi kusema adhana haina heshima. Kwa hiyo bonanza la Saadani litaanza watu wakitoka tu kusali alasiri, na atakayefika baadaye ataungana na wenzake pale atakapowakuta. Mwezi Mei tulifika na kuwakuta goli moja kwa sifuri, nao wakabaki kwenye ligi. Pilau ilikuwa ya moto.

Mimi nimewahi kukaa kwenye semina nyingi za uendelevu nikachora mishale kwenye karatasi kubwa. Hakuna hata moja iliyowahi kututajia Bi Mosi, wala adhana. Kila kijiji kilikuwa na njia yake ya kuanza bila mkubwa. Kazi ya Bi Hajra ya mwaka wake wa mwisho ilikuwa kukaa pembeni kwa muda wa kutosha mpaka njia hiyo ionekane, na kukaa pembeni kulimchosha kuliko miaka yote ya kukimbia. Nilikuwa naye ndani ya gari, najua.

Bi Hajra, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, ahsante. Ahsante kwa suruali ulizoshona, kwa kahawa ulizokunywa ukiwa umeshiba, kwa kunizuia nisiende kuwashtaki watu kwa sababu ya uduvi. Ahsante kwa kutuachia Zaina. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupunguzie maumivu ya magoti, akuzidishie umri wa kukaa na mama na kumsumbua yeye badala yetu.

Limebaki jambo moja. Jana jioni alipita stoo, akaniamuru nimalizie wasifu huu kwa tangazo lifuatalo. Sherehe ya leo hapa Mbegani inaanza watu wakitoka kusali alasiri, kwa mechi ya netiboli. Yeye mwenyewe atafika saa atakayofika, na asisubiriwe. Nilibishana naye. Nilimwambia hii ni sherehe yako, mama, siku moja tu, tusubiri mara ya mwisho. Mimi, nisiyeweza kusubiri hata chai ipoe, ningemsubiri leo mpaka kesho na ningesubiri nikiwa nimesimama. Alinitazama juu ya miwani, kama anavyofanya Bi Mosi, akaniambia: "Na wewe pia, Muzammil?"

Basi nimeandika. Kama umesoma mpaka hapa na kiti cha mbele bado ni kitupu, usigeuze shingo kutazama barabara. Mimi nitajikaza nisigeuze. Zaina yuko katikati ya uwanja, na safari hii filimbi haitoki mdomoni.

Nenda salama katika maisha yako mapya, Bi Hajra, yawe marefu na yenye kheri. Ukifika, utatukuta tumeanza.

Muzammil Bwanausi
Mtunza vifaa, Uwanja Wetu
Mbegani, Jumamosi tarehe 28 Juni 2025